Beseni la Kwikwi

Kengele ya saa kumi na moja na nusu alfajiri ililia, na bweni la wasichana likafanya yale linayoyafanya kila siku ya Mungu. Vitanda vikalalamika, ndoo zikagongana, mtu akauliza ni nani aliyechukua kandambili yake ya kushoto, na hakuna aliyemjibu. Katikati ya zogo hilo, sauti moja ilizipita zote. Ilikuwa sauti ya Spika. Jina hilo hakupewa na wazazi wake. Alipewa na bweni, kwa heshima zote, kwa sababu akinong'ona kwenye kitanda cha kwanza, cha mwisho kinaitikia.

"Mabibi!" alitangaza. "Leo ni siku ya wageni. Osheni shingo, osheni na nyuma ya masikio. Kwikwi, wewe umeoga?"

Msichana mdogo aliyekuwa akifunga kamba za viatu aliinua uso. "Ni-ni-ni..."

"Nimeoga," Spika akammalizia. "Asante sana. Tungekungoja wewe, wageni wangefika na kuondoka."

Bweni likaangua kicheko. Kwikwi akarudi kwenye kamba za viatu vyake. Alikuwa na kigugumizi tangu utotoni. Siku yake ya kwanza shuleni, alipoulizwa jina akakwama, Spika alimletea kikombe cha maji mbele ya darasa zima, "kwa ajili ya kwikwi." Tangu hapo hakuna aliyelikumbuka jina lake halisi. Isitoshe, alikuwa mtoto wa dobi wa shule, na hilo nalo bweni lilikuwa halijamsamehe.

Wageni wenyewe walikuwa walimu wawili kutoka shule ya sekondari ya sayansi. Walikuja kuchagua mwanafunzi mmoja tu wa darasa la saba. Kila mshindani alitakiwa alete mmea mmoja hai usiotoa mbegu, aeleze uko kundi gani, kisha athibitishe. Karibu wote walikuwa wameng'oa kangaga mtaroni jana yake. Spika alikuwa na kangaga lenye majani mapana, na alijipa uhakika wa asilimia tisini. Kumi zilizobaki zilikuwa za Kwikwi, nazo zilimwasha kama upupu.

Kwikwi alikuwa na kuvumwani-rungu.

Mwalimu wa sayansi, mwanamama aliyevaa lenzi shingoni kama wengine wanavyovaa mkufu, alikuwa amewafundisha habari zake. "Msidanganywe na jina," aliwaambia. "Si kuvumwani hata kidogo. Kuvumwani ya kawaida ni ile ya ukutani kwenu bafuni. Haina mizizi ya kweli wala mirija ya kusafirisha maji. Hii inavyo vyote. Nchani ina virungu vya kubebea spora, zile chembe inazozaliana nazo badala ya mbegu. Lakini sina wa kuwaonyesha. Ukiuhamisha mmea huu, unakufa."

Ilikuwa kweli, Kwikwi alikuwa ameshaua miwili. Wa tatu aliuchimba kwenye miamba yenye unyevu pamoja na udongo wake wote, akauweka kwenye beseni bovu nyuma ya chumba cha kufulia, akaufunika kwa kitambaa kibichi mchana na kuufunua jioni. Ulikua polepole mno, kiasi kwamba mama yake aliuliza mara mbili kama ni wa plastiki. Mwaka huu ndipo ulipotoa virungu. Kwikwi alivikung'uta taratibu juu ya karatasi, akapata vumbi la spora la kujaza kibahasha kimoja. Aliandika pia kadi kubwa za maelezo. Siku ya wageni angeonyesha kwa kidole, na ulimi wake ungepumzika.

Spika alizikuta kadi hizo chini ya mto wa Kwikwi, akazisoma. Zote, mara mbili.

Wakati wa chai ya asubuhi, Spika na rafiki yake Kijiko walinyata hadi nyuma ya chumba cha kufulia. Kijiko aliitwa hivyo kwa kuwa alijichovya katika kila jambo. Spika alifunua kitambaa, akang'oa mmea wote, ukatoka na mizizi yake midogo inayoning'inia. Mahali pake akapachika bonge la kuvumwani aliyoikwangua ukutani mwa mtaro. Juu yake akachomeka njiti za kiberiti alizozipaka chaki ya njano.

"Virungu hivyo," alisema kwa sauti ya mazishi. "Sayansi imeendelea."

Kijiko alijiziba mdomo asicheke. "Na hiki kibahasha?"

Spika alikifungua. Ndani mlikuwa na unga wa njano iliyopauka, laini ajabu. Alichovya kidole, akampaka Kijiko puani. "Poda ya bi harusi!"

Walipomaliza kuchekana, walivifunga mmea na kibahasha ndani ya gazeti, wakavitumbukiza kwenye kapu la taka lililokuwa ukutani, kisha wakapita bwenini na kuzitoa kadi kwenye begi la Kwikwi. Nani angetafuta kitu kwenye taka?

"Tutamrudishia saa ngapi?" Kijiko aliuliza.

"Saa nne. Ni mzaha tu, usiwe na moyo wa kuku."

Spika alikuwa amekaa shuleni hapo miaka minne, akivaa sare zilizochemshwa na kupigwa pasi, wala hakuwahi kujiuliza moto wa dobi huwashwa kwa kitu gani.

Saa tatu chumba cha sayansi kilijaa. Wageni walikaa mbele. Mmoja alikuwa mzee mwembamba mwenye miwani, mwingine mama mwenye daftari. Makamu wa mwalimu mkuu alisimama mlangoni akiwa amevaa tai yake ya wageni. Kwikwi alipoitwa, alileta beseni likiwa limefunikwa. Alizitafuta kadi zake mfukoni, kisha kwenye begi, kisha mfukoni tena. Hazikuwapo. Akafunua kitambaa.

Alilitazama beseni kama mtu anayetazama kitanda cha mgonjwa na kukikuta kitupu.

Mzee mwembamba aliinama, akachomoa kirungu kimoja kwa vidole viwili. "Hii," alisema, "ni njiti ya kiberiti."

Darasa likalipuka. Makamu aligonga mlango kwa ngumi. "Nini hiki? Unawadanganya wageni?"

"Si-si-si..."

"Si mimi!" Spika akammalizia kutoka nyuma, na vicheko vikaanza upya.

"Umetuaibisha," alisema Makamu. "Jina lako linafutwa. Simama pale ukutani."

Kwikwi alisimama ukutani. Hakulia. Angelia, Spika angekuwa na la kusema, lakini yule alilitazama tu lile beseni, na kwa mara ya kwanza Spika aligeuza uso asimwone.

Mama mwenye daftari akauliza, "Yupo mwingine anayeweza kutueleza kuhusu kundi hili?"

Mkono wa Spika ulikuwa juu kabla mwenyewe hajaamua.

"Kuvumwani-rungu ipo katika himaya ya mimea," alianza, sauti ikipaa mpaka darini, "miongoni mwa mimea isiyotoa maua wala mbegu. Ina mizizi, shina na majani ya kweli. Ndani ina mirija ya kupandisha maji na kusambaza chakula. Kila jani ni dogo na lina mshipa mmoja tu usiogawanyika. Spora hukaa kwenye vifuko, kila kifuko na jani lake, na majani hayo mara nyingi hukusanyika nchani yakafanya kirungu. Familia zake ni tatu. Ya kwanza ni ya Likopodi, ambayo spora zake zote zinalingana. Ya pili ni Selajinela, yenye spora kubwa na ndogo. Ya tatu ni Isoeti, inayoota majini au penye majimaji, nayo ukiiona utadhani ni nyasi."

Wageni walitazamana. Mzee alitabasamu. "Vizuri sana. Na spora zenyewe zikoje?"

"Njano iliyopauka, laini kuliko poda, zinateleza vidoleni."

Mwalimu wa sayansi aliinua kichwa. "Zinateleza? Hilo sikuwafundisha. Umezishika wapi?"

Kabla Spika hajapata jibu, mlango ulifunguliwa. Alikuwa Mama Dobi. Aproni yake ilikuwa na masizi, na nyusi ya kulia haikuwapo kabisa.

"Samahanini, walimu. Sikuja kuwavurugia. Nataka tu kujua nani katia petroli kwenye kapu langu la taka."

"Ulisikia harufu ya petroli?" mwalimu wa sayansi aliuliza.

"Hapana, ndilo linalonishangaza! Nimetupa gazeti motoni kama kila siku. Mara, pwaa! Ndimi za njano, pana kama shuka, zikazima papo hapo. Nimerudi nyuma, nyusi haipo. Mle gazetini nimeona majanimajani fulani ya..."

Alikuwa ameliona beseni. Kisha akamwona binti yake ukutani.

"Mwanangu," alisema polepole. "Yalikuwa ni yale?"

Kwikwi alitikisa kichwa kukubali.

"Nimeyachoma mimi? Kwa mikono yangu?"

Kijiko alikuwa akichunguza vidole vyake vya miguu kana kwamba ameletewa vipya.

Mwalimu wa sayansi alichukua glasi ya maji ya mgeni. "Vumbi la spora zile likitawanyika juu ya moto, huwaka mara moja," alisema. "Na maji hayalilowanishi. Spika, nyoosha mkono."

Kwenye pindo la mkono wa sweta yake ya bluu kulikuwa na doa la njano, si kubwa kuliko kifungo. Mwalimu alidondosha maji. Kwingine sweta ilinywa. Penye doa, matone yalisimama mviringo, yakabingirika, yakaanguka sakafuni moja moja.

"Ulikuwa mzaha," alisema Spika. Safari hii kitanda cha pili kisingemsikia. "Nilitaka kumrudishia saa nne."

"Ni saa tatu na dakika arobaini," alisema mwalimu. "Rudisha."

Spika hakuwa na cha kurudisha.

Yule mzee mwembamba alivua miwani, akaifuta, akamgeukia Kwikwi. "Binti, njoo. Mmea wako haupo, lakini beseni lipo. Tuambie hiki kilichomo ni nini. Tuna muda."

Kwikwi alikuja mezani. Kinywa kilikwama kwenye neno la kwanza, na mazoea ni mabaya, Spika akajikuta amefungua mdomo kummalizia. Mwalimu alimtazama tu, na Spika akaufunga.

"Hii ni ku-ku-kuvumwani ya ka-kawaida," alisema Kwikwi. Alichomoa bonge, akaligeuza chini juu, akaomba lenzi. Akawaonyesha vinyweleo vilivyoshika udongo visivyo mizizi. Akapasua jani moja dogo. Akaeleza kwamba ndani ya mmea wake wangeona mirija, na kwamba wa kwanza na wa pili ilikufa kwa sababu aliiosha udongo wake, na kwamba wa tatu hakuuosha. Ilimchukua dakika kumi na mbili. Mama mwenye daftari aliandika muda wote.

Walipomaliza kuwasikiliza wote, wageni walisoma jina moja, jina halisi, na darasa likachukua muda kung'amua ni la nani. Makamu alimwomba Kwikwi radhi mbele ya wote, jambo ambalo shule haikuwahi kuliona. Spika na Kijiko walipewa kazi ya kuteka maji na kuchochea moto wa kufulia mpaka muhula uishe.

Jioni ile Spika alizikuta ndoo zikimngoja. Mama Dobi alikuwa akikamua mashuka, na Kwikwi amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, beseni tupu mapajani.

"Shikamoo, mama," alisema Spika. "Naomba unisamehe."

"Marahaba. Mimi nyusi zangu mwezi ujao zitakuwa zimerudi, kwa hiyo mimi usinihangaikie." Mama Dobi alilitupa shuka kambani. "Lakini mmea ule nimemwona mwanangu akiulea. Ungeotesha spora leo, ungeweza kumaliza shule, ukapata kazi, ukazaa, na bado hujaona kirungu. Wewe umeung'oa kwa muda wa kunywa chai, ukauita mzaha. Sikiliza, mwanangu. Kabla hujagusa kitu cha mwenzako, muulize kwanza kimemgharimu muda gani. Ukishajua, kama bado unaona kinachekesha, basi cheka."

Spika alisimama na ndoo zake mbili. Akamgeukia Kwikwi. "Kilikuchukua muda gani?"

Kwikwi hakuinua macho. "Mi-mi-mi..."

Spika alingoja. Maji yalichuruzika kutoka kwenye mashuka. Mama Dobi akaacha kukamua.

"Mi-miaka mitatu na mi-miezi miwili," alisema Kwikwi. "Na bado si-sijakusamehe."

"Sawa," alisema Spika, akaenda kuteka maji.