Kilichokuwa Kikila Sauti ya Baba

Fundi aliitwa Feni, na jina hilo hakupewa na wazazi. Mafundi wenzake walimbandika kwa sababu ya mtindo wake wa kazi. Wengine wana brashi, wengine wana pampu ya kupulizia vumbi. Yeye alikuwa na mdomo. Akishafungua kompyuta huvuta pumzi, akapuliza, basi.

"Siku moja utameza mende," walimtania.

"Nitamtafuna kwanza," aliwajibu.

Jioni moja alikuwa anafunga duka simu ilipoita. Mjane mmoja, mitaa miwili tu kutoka hapo, kompyuta yake inaharibu mafaili. Ilikuwa njiani kwake. Akaona apitie mara moja, kisha aende zake akale.

Mjane alimfungulia mlango akiwa amempakata mtoto wa kike wa miezi saba.

"Karibu kaka. Nimekuchelewesha nyumbani."

"Usijali dada. Mgonjwa yuko wapi?"

Papo hapo alijuta kusema mgonjwa. Pembeni ya meza ya kompyuta kulikuwa na kitanda chembamba, kimevuliwa shuka, godoro lina doa kubwa la kahawia upande wa kichwani. Chumba kilinukia dawa ya kupigia deki. Chini ya ile dawa kulikuwa na harufu nyingine, tamu, kama ya maji ya maua yaliyosahauliwa kwenye chombo.

Mjane alieleza taratibu. Mumewe aliugua koo. Alipoambiwa kwamba sauti itatangulia kuondoka, na mtoto bado yumo tumboni, alikaa mbele ya kompyuta hiyo akajirekodi mara kumi na nne. Alitaka mwanawe aje amjue. Rekodi zilikuwa nzima siku ya mazishi. Sasa kila zikisikilizwa zinapungua.

"Zinafutika?"

"Hazifutiki, kaka. Zinaliwa."

Akamfungulia ya kwanza. Sauti ya mwanamume ilitoka kwenye spika, kavu, yenye kukwaruza. "Mwanangu, mimi baba yako nilikuwa napenda sana..."

*Gwup.*

Haikuwa mikwaruzo ya spika, hilo alikuwa na hakika nalo. Ilikuwa sauti mbichi, yenye majimaji, ya mtu anayekusanya kohozi kooni kisha analimeza. Halafu maneno yakaendelea, na pale palipomezwa pakabaki shimo.

Feni alitafuta virusi. Hakuna. Alipima diski. Nzima. Akapima kadi ya memori. Nzima. Akairudia ile rekodi, na neno "mwanangu", alilolisikia kwa masikio yake dakika chache nyuma, halikuwepo tena.

"Nakala je?"

"Nilimpa shemeji kwenye flashi. Kwake hazitoi hata mlio. Hapa tu ndiyo zinaongea."

"Ngapi hazijaguswa?"

"Imebaki moja. Ile anamomwita mtoto jina. Alilichagua yeye." Mjane alimpandisha mtoto begani. "Siifungui. Naogopa."

Feni alizima mashine, akachomoa waya, akafungua skrubu.

Harufu ikampiga usoni.

Vumbi la kompyuta ni kavu, la kijivu. Hili lilikuwa na unyevu, la njano, limeganda kama utando juu ya uji uliopoa. Lilikuwa limeshika feni na kushuka mpaka kwenye kadi ya memori. Alipolivuta kwa kitambaa lilirefuka... likarefuka kama ute, bila kukatika.

"Alikuwa anakohoa hapo," mjane alinong'ona, macho chini. "Nilikuwa nafuta kila siku. Nilikuwa nafuta kweli."

"Najua, dada." Hakumwona mchafu. Alimwona mtu aliyeuguza peke yake.

Akachomoa kadi. Magamba ya utando ule yalikuwa yameziba tundu lake. Na mazoea ni mazoea. Kabla hajafikiri, alishavuta pumzi.

Akapuliza.

Gamba moja likaruka, likamwingia mdomoni. Lilikuwa na chumvi. Lilikuwa na joto, kama limetoka sasa hivi kwenye kifua cha mtu. Alitaka kulitema, lakini lilikwisha kujisogeza lenyewe, polepole, kama konokono, mpaka nyuma ya ulimi.

Alimeza.

Aliporudisha kadi na kuwasha kompyuta, rekodi ya kwanza ilikuwa nzima. Ya pili nzima. Zote. Mtoto aligeuza shingo kuelekea kwenye spika, akacheka.

"Umefanyaje, kaka?" Mjane alikuwa analia.

"Ni..." *Gwup.* "...tu, dada."

Kilio kikakatika.

Feni alijaribu kulisema jina la binti yake mwenyewe, aliyemwacha nyumbani. *Gwup.* Kitu kilijigeuza kooni. Na bila kuambiwa na mtu, alijua kwamba kinaweza kurudi kilikotoka. Kasha la kompyuta lilikuwa bado wazi. Ilihitajika pumzi moja.

Mjane naye alijua. Alisogea, bila haraka, akasimama kati ya fundi na meza.

"Nakuomba," alinong'ona.

Nyuma yake, kwenye spika, baba alikuwa anamwita mtoto jina, na mtoto anacheka tena. Feni angeweza kumsukuma. Alimtazama, akamtazama mtoto, akachukua mkoba wake.

Njiani aliinama mtaroni, akajitia vidole kooni mpaka machozi yakamtoka. Ukatoka uzi mrefu wa ute, ukaning'inia mdomoni, kisha ukarudi ndani wenyewe.

Nyumbani alipunga mkono tu, midomo ameifumba.

"Leo hata salamu hatupati?" mkewe alisema kutoka jikoni.

Binti yake wa miaka minne alimrukia shingoni kama kawaida. Feni aligeuza uso asibusiwe. Mtoto akadhani ni mchezo, akamkumbatia kwa nguvu, sikio likagusa koo la baba yake. Akatulia. Akasikiliza.

"Baba, kuna mtu humo. Ananiita."

Feni alimbandua taratibu, akamweka chini. Mtoto alikunja uso.

"Lakini hilo si jina langu."