Nati ya Gurudumu la Kushoto

Saa moja kasorobo asubuhi, mkunga, akitoka kwenda kazini, alikanyaga breki ndani ya geti la nyumbani kwake, na mguu ukazama kama aliyekanyaga tope. Akavuta breki ya mkono. Hata hivyo gari liligonga geti, taa moja ikapasuka. Yeye hakuumia, lakini alipokumbuka kwamba nje ya geti lile barabara ni mteremko mtupu hadi hospitali, alizima gari akampigia simu mwenye gereji.

Saa mbili mwenye gereji alikuwa uani. Mama huyu wa makamo wote walimwita Shangazi, hata waliomzidi umri. Nyuma yake alikuja Kimya, fundi aliyebadilisha brekipedi za gari hilo jana yake, uso umemshuka.

"Huyu simtaki tena," mkunga alisema, akimnyooshea Kimya kidole. "Ukiendelea naye, mji mzima utajua. Nusura aniue!"

"Una haki ya kukasirika, dada yangu," Shangazi akasema. "Nipe mpaka adhuhuri. Jana ulipotoka kwetu, breki zilishika?"

"Zilishika. Nilisimama mataa mawili, na pale mteremkoni."

"Ulifika saa ngapi?"

"Saa kumi na moja. Nilikuwa nimekesha kazini, nikalala moja kwa moja. Asubuhi nikakuta usukani umekatwa kushoto hadi mwisho. Nikadhani ni uchovu wangu tu, maana mimi huegesha nimenyoosha."

Shangazi akamgeukia Kimya. "Jana ulifungua nati ya kutolea upepo kwenye breki?"

"Hapana, Shangazi. Pedi hazihitaji hilo. Nilirudisha pistoni, nikapachika pedi, nikapampu pedeli mpaka ikawa ngumu."

Shangazi akatandika gunia, akajilaza chini na tochi. Kwenye gurudumu la mbele la kulia, nati ilikuwa imefunikwa vumbi la miaka, kofia yake ya mpira ipo. Kushoto, kofia haikuwepo, oili ya breki ilichuruzika, na kingo za nati zilikuwa zimetafunwa. Spana haitafuni nati hivyo. Hiyo ni kazi ya koleo.

"Ni jirani!" mkunga akasema. "Juzi aliapa gari hili litanitokea puani, eti honi yangu inamwamshia wajukuu."

Jirani aliitwa, akaja na ndoo mkononi.

"Mimi nagombana na honi, sigombani na roho ya mtu," alisema kwa hasira. "Jana jioni nilikuwa namwagilia mboga zangu. Tena niliwaona nyie wenyewe mko kazini."

"Sisi nani?" Shangazi akauliza.

"Sijui. Ukuta ulinizuia. Niliona mwanga mwekundu wa taa za nyuma tu, zikawaka, zikazima. Mara tatu hivi. Ilikuwa saa kumi na mbili na nusu."

Shangazi akajifuta mikono polepole. Taa za nyuma huwaka mtu akikanyaga breki. Na saa ile mkunga alikuwa usingizini.

"Geti lilifungwa?"

"Kwa kufuli, toka ndani," mkunga akajibu. "Ufunguo wa gari huning'inia sebuleni."

Mume wa mkunga alikuwa barazani muda wote, mzee aliyestaafu udereva wa malori, chai yake imepoa bila kuguswa. Shangazi akaketi karibu naye.

"Mzee wangu, nisaidie. Nati ya mbele unaifikiaje bila kuvua tairi?"

"Rahisi. Unakata usukani mpaka mwisho, mkono unapita."

"Na usukani huu hukatika bila ufunguo?"

Mzee akasukuma kando kikombe chake cha chai. Ndoo ya jirani ikasikika ikitua chini.

"Hujifunga," alisema hatimaye. "Ni mimi."

"Wewe, baba watoto?" Mkunga akamsogelea.

"Miaka ishirini na minane magari ya nyumba hii nimeyatengeneza mimi. Sasa macho yamefifia, ukalipeleka gereji bila hata kuniambia. Nikataka kuona kama wameweka oili mpya ya breki. Nikalegeza nati, nikaenda kukanyaga pedeli, nikaachia, nikarudi kukaza. Spana sikuiona, nikatumia koleo. Sikukusudia baya, mke wangu."

"Ulipoachia nati ikiwa wazi, ikavuta upepo, na breki yenye upepo haishiki," Shangazi akasema. "Hilo ni kosa la mikono. Lakini tangu asubuhi umemwacha kijana wa watu asulubiwe, na hilo ni la moyo."

Mzee akainuka, akamwendea Kimya. "Niliona aibu, mwanangu. Nisamehe."

Mkunga naye alimwomba radhi fundi, kisha akamtazama mumewe. "Ningekuuliza kwanza. Lakini usinifiche tena."

Kimya alibadilisha nati, akaivisha mpira mwembamba ulioishia kwenye chupa yenye oili. "Mzee, kaa kwenye usukani. Mimi nitafungua na kufunga."

"Kanyaga!" Vitone vya upepo vikachemka chupani. "Shikilia!" Akafunga. "Achia!" Kila baada ya muda Shangazi aliongeza oili kwenye kopo la breki chini ya boneti. Mara ya kumi na mbili ilitoka oili tupu.

Saa saba mkunga alizunguka mtaa, akarudi akicheka. "Ngumu kama jiwe!"

Kimya alikuwa akikusanya vyombo mzee alipomsogelea.

"Jumamosi mnafungua?"

"Tunafungua."

"Nitakuja. Kazi yangu iwe kukanyaga tu."

"Njoo saa mbili," Kimya akasema. "Kuna lori linakusubiri."