Juma la Kupima Saa za Baba

Kila asubuhi Signe Tollefson alijaza kahawa kwenye chupa, na saa moja kamili baba yake, Arvid, alikuwa posta ya Lunde akipanga barua. Kisha huzunguka mashamba ya Dakota Kaskazini, akiendesha gari kutoka kiti cha kulia, ambacho huko Marekani ndicho cha upande wa ukingo wa barabara, ili mkono ufikie masanduku ya barua kando ya barabara. Hurudi saa kumi alasiri, mgongo umemkauka. Jumamosi ndiyo siku yao: hutoboa barafu ziwani na kuvua samaki wakitaniana.

Februari likafika juma la kupima. Msimamizi, Bi. Kessler, angezunguka na Arvid siku tano, saa mkononi, akiandika kila dakika. Njia ikipimwa kuwa nzito, mgawaji hupumzika Jumamosi. Ikionekana nyepesi, Jumamosi nayo huliwa na kazi.

Signe hakuwaza hayo. Alitaka baba asifiwe tu. Jumapili akawakusanya wenzake wenye makoleo.

"Tuondoe theluji mbele ya masanduku. Kesho baba atapita kama mshale!"

"Baba yangu akipimwa usingizi, atashika namba moja," akasema Odell, mmoja wao. Wakacheka, wakachimba mpaka vidole vikafa ganzi.

Jumatatu Arvid hakula wala hakunywa. Alipeleka vifurushi mbiombio hadi barazani kwa watu, akarudi saa saba.

"Saa sita tu!" akajigamba mezani, huku akisugua goti. "Bi. Kessler anasema hajaona mwepesi kama mimi."

Shangazi Borghild, aliyegawa barua miaka thelathini kabla ya kustaafu, akaweka kijiko chini.

"Hongereni. Jumamosi yenu mmeitoa sadaka."

"Kwa nini, Shangazi?" Signe akashtuka.

"Babu yako alikimbia hivyohivyo mbele ya msimamizi, mwaka ule wa tufani. Wakamwandikia saa sita. Kwa miaka kumi na moja akafanya kazi ya saa tisa, karatasi ikisema sita, na mshahara ukifuata karatasi. Mimi sijasahau! Alipolalamika, aliyeketi ofisini akasema, 'Si ulikimbia mwenyewe?'"

"Sasa, dada, unataka nizembee?" Arvid akauliza.

"Nani kakwambia uzembee? Fanya kazi kama Jumatatu yoyote ambayo hakuna anayekutazama. Mpumbavu wee, nakupenda, lakini mpumbavu."

Machozi yakamlengalenga Signe. "Theluji niliiondoa mimi na wenzangu."

Arvid akamkumbatia. "Nilidhani ni malaika. Kumbe malaika wana makamasi."

Asubuhi Signe akapita posta kabla ya shule. Akasema, "Bi. Kessler, jana theluji tuliiondoa sisi watoto. Siku zote baba huiondoa mwenyewe. Na siku zote hula mchana."

Bi. Kessler akavua miwani. "Kumbe jana nilipima mikono ya watoto! Afadhali umesema. Karatasi haiwezi kujua isichoambiwa." Akaandika maelezo kando ya Jumatatu, akaifuta kwenye hesabu.

Theluji ikaanguka upya. Arvid akachimba theluji mbele ya kila sanduku, akala mkate wake, na pale kwa Mzee Nygaard kiziwi akagonga mlango mpaka ukafunguliwa, kama afanyavyo daima. Juma lilipokwisha, njia yake ikaandikwa saa tisa na dakika kumi. Jumamosi ikabaki yao.

Shangazi Borghild akaisoma karatasi mara mbili, kisha akamvuta Signe karibu.

"Sikiliza, mwanangu. Wote tunajua kwamba kujisifia kazi usiyoifanya ni uongo. Lakini kuificha kazi uliyoifanya, ili upigiwe makofi, nao ni uongo, na anayeulipia ni wewe na yule atakayekuja baada yako. Fanya kazi kwa bidii, halafu useme ukweli kuhusu jasho lako. Lote, bila kupunguza hata tone."