Mchezaji wa Pili

Benta alikuwa anapangusa vumbi tu. Ilikuwa saa mbili asubuhi, wanawake wa ploti walikuwa nje wakianika nguo, na mume wake Okello alikuwa bafuni akijimwagia maji baada ya kutoka zamu ya usiku katika kiwanda kimoja cha Thika. Juu ya sofa kulikuwa na rimoti mbili za gemu. Akaokota ya Okello, ile iliyochubuka rangi. Ilikuwa baridi. Akaokota ya pili, ambayo hakuna mtu aliyeichezea tangu shemeji yake Ajwang azikwe, na mkono wake ukashtuka kabla ya akili yake.

Ilikuwa na joto. Si joto la jua, maana pazia lilikuwa limefungwa. Lilikuwa joto la kiganja, na vitufe vyake vilikuwa na unyevu kama vya mtu aliyekaa akivibonyeza kwa muda mrefu.

Aliirudisha taratibu, kama anayerudisha yai chini ya kuku mkali. Hakumwambia mtu. Angemwambia nani, na angeanzia wapi?

Ajwang alikuwa kaka mkubwa wa Okello. Mashine ile ya gemu waliinunua pamoja walipokuwa makapera wakiishi Mugutha, na hata Okello alipooa na kuhamia Gitothua, kila Jumapili baada ya kanisa Ajwang alikuja na mkate chini ya kwapa, wakacheza mpira kwenye televisheni mpaka jioni, wakipigiana kelele kama watoto. Benta alipenda zile kelele. Kisha kifua kikamshika Ajwang. Kwa wiki tatu alipumua kwa filimbi, akinuka ile dawa ya kujipaka yenye ukali wa mnanaa, na wiki ya nne wakamsafirisha kwao Ugenya kwenye jeneza.

Miezi miwili baadaye Benta akajifungua Byron.

Byron alilia. Kwa Wajaluo, mtoto mchanga anayelia bila ugonjwa huwa anadai jina. Wazee humshika na kumwitia majina ya marehemu wa ukoo, moja baada ya jingine, na jina linalomnyamazisha ndilo la yule aliyekuja kukaa naye. Mama mkwe wake, Akoth, alikuja akamweka mtoto mapajani akaita. Aliita babu, akaita nyanya, akaita shangazi. Mtoto akalia. Mwishowe likabaki jina moja, na kila mtu chumbani alilijua.

"Hilo hapana," Okello alisema, akasimama. "Huyo ni wangu. Sijamaliza naye."

Akatoka nje. Basi mtoto akapewa jina la babu, Opiyo, ili mambo yaishe. Aliendelea kulia.

Tangu siku hiyo Okello alicheza. Alifika kutoka Thika saa mbili asubuhi, akavuta pazia, akakaa upande wake wa kushoto wa sofa, na upande wa kulia akaweka rimoti ya pili. Hakuinuka mpaka saa kumi na moja jioni, wakati wa kurudi kazini. Ugali ulipoa juu ya stuli. Alasiri moja Byron alijiviringisha akaanguka kutoka kitandani, akapiga yowe lililowaleta majirani mlangoni, na baba yake, aliyekuwa hatua mbili kutoka hapo, hakugeuza shingo. Alikuwa anacheka na kusema, "Eish, bro, umenifunga tena."

"Wee Mama Byron, shukuru Mungu," Nekesa, jirani wa mlango wa pili, alimwambia wakimenya viazi. "Wangu akienda kwa pool anasahau ako na miguu ya kumrudisha. Wako unamwona hapo kwa sofa. Ukikasirika unamrushia kiatu."

"Nekesa, anacheza mchana kutwa. Halali."

"Si ni mtu mzima? Mwache acheze. Ushasikia matanga ya mtu aliuawa na gemu?"

Benta alicheka, kwa sababu alikuwa mwenye haya na kucheka kulikuwa rahisi kuliko kusema. Na kwa kweli, hata yeye alijiambia hivyohivyo. Okello hanywi. Hapigi. Hana mwanamke pembeni. Mchezo una ubaya gani?

Lakini mwezi wa nne wa mchezo huo Okello akaanza kukohoa, na mwezi wa tano kifua chake kikaanza kupiga filimbi.

Benta aliijua filimbi ile. Alimburuta mpaka hospitali, wakapiga picha ya kifua, daktari akaishika kwenye mwanga na kusema mapafu ni safi kabisa, apumzike. Okello akarudi nyumbani, akakaza mshipi tundu la mwisho, kisha akatoboa jingine kwa msumari, na akashika rimoti. Benta akaenda kwa pasta. Pasta akawaombea, akasema wafunge siku tatu. Benta akaficha nyaya za mashine ndani ya debe la unga. Okello akazitoa bila hata kumuuliza, kana kwamba kuna mtu aliyemwelekeza zilipo.

Byron naye alikuwa na saa zake. Alianza kulia pazia lilipovutwa.

Siku moja mchana, stima ikapotea. Benta alikuwa nje akifua, na alisikia redio za ploti nzima zikikatika kwa pamoja. Alifurahi, Mungu amsamehe, akadhani sasa mume wake ataweka mashine chini na kula. Akaingia huku akijipangusa mikono kwenye leso. Harufu ya mnanaa ilimpiga puani mlangoni, kali, ya karibu, kama mtu aliyejipaka sasa hivi. Halafu akasikia tik, tik, tik. Televisheni ilikuwa imezimika, nyeusi kama kisima, na Okello alikuwa amekaa akiitazama, vidole gumba vikienda mbio, lakini mlio ule haukuwa wa rimoti moja, ulikuwa wa mbili, moja ikiuliza na nyingine ikijibu, na ile ya pili ilikuwa palepale juu ya mto wa kulia ambao ulikuwa umebonyea kana kwamba umekaliwa na mtu mzito, vitufe vyake vikishuka na kupanda vyenyewe, na Benta alipoinua macho kuitazama televisheni, kwa sababu hakuweza kuendelea kuutazama ule mto, aliona katika kioo chake cheusi mlango aliosimama, na leso yake, na kichwa cha mume wake, na kando ya kichwa cha mume wake, bega kwa bega kama Jumapili zile zote, kichwa cha mtu wa pili, ambacho polepole kilianza kugeuka kumwangalia.

Aliangalia chini.

"Baba Byron," alinong'ona.

"Sshh. Hajamaliza."

"Nani hajamaliza?"

Okello hakugeuka, ila machozi yalikuwa yakimtiririka.

"Nilimtengeneza, Benta. Baada ya matanga. Gemu inakuruhusu utengeneze mchezaji wako. Nikampa urefu wake. Nikampa lile kovu la nyusi. Jezi namba sita. Ikaniuliza anaitwa nani, nikaandika Ajwang. Kila siku kabla ya kuanza nilikuwa namwita. Kwa sauti tu, kama mzaha. Ajwang, njoo tucheze." Akakohoa mpaka akainama. "Siku ya tisa akaitika."

"Mwambie aende."

"Nimemwambia. Nikiacha kucheza anahema karibu na sikio. Benta, sitaki kucheza tena. Nimechoka."

Jioni hiyo Benta alijifungia chooni na simu, akampigia Akoth. Alinong'ona yote.

"Jina la kaka yake?" Akoth aliuliza. "Alilitia ndani ya mashine?"

"Ndiyo, Mama."

"Nyathina, mwanangu, mshike mtoto. Nakuja."

Alifika kesho yake kwa basi la usiku. Kwa kuwa mama Mjaluo halali nyumbani kwa mwanawe, mkoba aliuacha kwa Nekesa. Aliposimama mlangoni kwa Okello, akavuta pumzi mara moja, na uso wake ukazeeka.

"Hata dawa yake amekuja nayo," alisema.

Alipomwona Okello, mifupa ya mabega ikitokeza chini ya fulana, hakumkaripia. Alikaa kwenye stuli mbali na ule mto uliobonyea.

"Mchezo si kitu," alimwambia Benta kwa sauti ya chini. "Hata baba yao alicheza ajua, bao letu, mpaka akasahau ng'ombe. Lakini jina la maiti huitwa juu ya kitu chenye damu. Akija, anapata damu ya kukaa, anatulia, anakuwa mtoto kama watoto wengine. Huyu aliitwa mahali hakuna damu. Ameitwa kila siku, amekuja, amekuta mlango hauna nyumba. Sasa anakunywa hii iliyo karibu."

"Tumfute, Mama. Nifute hata sasa."

"Ukimfuta kabla hajapata pa kwenda, ataingia kwa Okello mzimamzima. Nitakuwa nimezika wawili." Akanyoosha mikono. "Nipe mtoto."

Benta akarudi nyuma hatua moja, Byron kifuani.

"Hapana, Mama. Huyu ana miezi mitano."

"Amekuwa akililia jina hili tangu azaliwe. Wewe hukusikia?"

"Alikaa kwenye mashine miezi yote hiyo. Sijui sasa ni nani. Wewe unajua?"

Mikono ya Akoth ilibaki imenyooshwa. Kwenye sofa Okello alianza kukohoa, na safari hii kikohozi hakikukatika; midomo yake ikageuka rangi ya jivu, na vidole vyake, hata akiwa anakabwa, havikuacha kubonyeza. Filimbi ya kifua chake ikapanda, nyembamba, mpaka ikawa kama ya birika.

Benta akampa Akoth mtoto.

Mikono yake ilipobaki mitupu, akaenda kwenye sofa akaiokota rimoti ya pili. Ilikuwa moto kama kwapa la mgonjwa. Ilivutwa, kana kwamba kuna mkono mwingine juu yake. Akaishika kwa mikono miwili. Kwenye televisheni alisimama mchezaji mwenye kovu la nyusi na jezi namba sita, hakimbii tena, anamtazama.

"Mkimfuta," Okello alinong'ona, "nitakuwa nimemzika mara mbili."

"Nionyeshe kitufe, Baba Byron. Tafadhali."

Alimwonyesha. Mashine ikauliza kama ana hakika. Nyuma yake Byron alikuwa analia kile kilio chake, na juu ya kilio Akoth aliita kwa sauti ya matanga: "Ajwang! Kama ni wewe, hapa ndipo penye damu! Ajwang!"

Benta akabonyeza.

Rimoti ikapoa mikononi mwake, ghafla, kama jiwe. Mto wa sofa ukajaa tena taratibu. Okello akavuta pumzi ndefu isiyo na filimbi, ya kwanza baada ya wiki nyingi, akaangukia upande akalala palepale.

Na Byron akanyamaza.

Alinyamaza katikati ya kilio, mdomo ukiwa bado wazi. Akoth akalia kwa furaha. Nekesa akaleta uji. Kesho yake Akoth mwenyewe aliivunja mashine kwa nyundo nyuma ya ploti na kuitupa shimoni, kisha akarudi Ugenya. Okello akaanza kula. Alimbeba mtoto. Alimwita Ajwang, na mtoto akamtazama kwa utulivu wa mtu mzima. Wiki mbili zikapita, na ploti nzima ikamsifu Benta kwa mtoto asiyelia kamwe, hata kwa njaa, hata kwa sindano ya kliniki.

Jumapili baada ya kanisa Okello alilala na mtoto kitandani, na Benta akavuta pazia wapate kupumzika. Alikuwa anakunja nepi alipoisikia harufu ya mnanaa. Akasimama. Akasogea mpaka kitandani.

Mtoto alikuwa amelala, macho yamefumbwa. Mikono yake midogo ilikuwa imeinuliwa mbele ya kifua, vidole vimekunjwa kama vinavyoshika kitu, na gumba zake mbili zilikuwa zinashuka na kupanda, zinashuka na kupanda. Zikatulia. Kando yake, usingizini, gumba za baba yake zikaanza. Zikatulia. Za mtoto zikajibu.

Benta alipiga magoti kati ya kitanda na ukuta. Alijaribu kukumbuka kile kilio cha miezi mitano, jinsi kilivyoanza kila pazia lilipovutwa, na kwa mara ya kwanza akajiuliza kama mtoto wake alikuwa akiliomba lile jina, au alikuwa akilifukuza.

Akamwita polepole, "Byron."

Mtoto hakugeuka. Usingizini, akatabasamu kwa upande mmoja wa mdomo, kama mtu aliyefunga bao.