Diski ya Kasha Jekundu

Ilikuwa Jumamosi, saa tatu asubuhi. Mvua ya manyunyu ilikuwa imekatika na jua lilianza kuyakausha mabati ya Likoni. Jalila alikuwa akifagia ua aliposikia jina lake.

"Abee, Bibi!"

Bi Mwanatabu alikuwa ameketi ukumbini na makasha manne mapajani. Ndani yake mlikuwa na diski za harusi ya Mishi, mama yake Jalila. Moja ilikuwa ya nikaha msikitini, ya pili ya maandamano ya bwana harusi, na ya tatu ya karamu. Ya nne ilikaa katika kasha jekundu. Hiyo ilikuwa ya kupamba, usiku ambao bibi harusi huonyeshwa amepambwa mbele ya wanawake peke yao.

"Zipeleke studio kwa Rashad, ziunganishwe ziwe DVD moja," Bibi alisema. "Nimechoka kuinuka kila mara kubadilisha. Lakini hii nyekundu aishike Winfred, yule dada anayefanya kazi naye, asiishike mwanamume. Usiku ule majirani zangu walivua mabuibui wakacheza. Niliwaahidi kwamba hakuna mwanamume atakayewaona. Ahadi hiyo leo unaibeba wewe. Umesikia?"

"Nimesikia, Bibi. Haonekani mtu."

Jalila alikuwa na miaka kumi na mitatu, na mtaa mzima ulijua kwamba akishika neno haliachi. Njiani alifuatana na Kanze, mwanafunzi mwenzake wa nyumba ya pili.

"Yule mama aliyecheza mpaka kiti kikavunjika yumo humo?" Kanze aliuliza.

"Nyamaza, tuko barabarani!"

"Alhamisi hukuniambia ninyamaze. Tulicheka mpaka wali ukaungua."

Jalila alicheka pia. Alikumbuka walivyokuwa wakizitazama diski hizo kwa siri, wakazirudisha makashani mbio mbio na kukimbilia jikoni.

Studio ilikuwa karibu na soko. Mlangoni palikuwa na televisheni kubwa iliyoelekea barabarani. Kila kazi aliyoifanya Rashad kwenye kompyuta ilionekana pale, ili kuwavuta wateja. Ndani, waendeshaji wawili wa bodaboda walikuwa wakingoja picha zao za pasipoti.

"Shikamoo, Ami Rashad. Dada Winfred yuko?"

"Marahaba. Amekwenda Frere Town kupiga picha za mahafali. Lete nifanye mimi."

Jalila alimpa makasha matatu. La nne alilikumbatia.

"Na hilo?"

"Hili ni la kupamba. Namngoja Dada Winfred."

"Kwani mimi natazama nyuso za watu? Mimi ni fundi. Lete, mwanangu, nina kazi nyingi."

"Hapana, Ami."

Mmoja wa waendeshaji bodaboda alicheka. "Rashad, jifunge kitambaa machoni!"

"Au avae buibui!" mwenzake akaongeza.

Rashad hakupendezwa. "Wewe umezaliwa juzi, leo unanifundisha kazi?"

"Kazi sikufundishi, Ami. Diski siitoi."

"Basi ngoja mpaka uote mizizi."

"Nitangoja."

Aliketi kwenye kiti cha mbao, kasha jekundu likiwa kifuani. Wateja walioingia walimtazama kwa mshangao. Kanze alimnong'oneza kwamba anaonekana kama mlinzi wa benki. Jalila aliinua kidevu. Rashad alianza kazi. Diski ya kwanza ilikuwa ya nikaha. Kwenye televisheni, wazee wenye kofia walikaa safu kwa safu, na wapita njia wawili wakasimama kutazama. Baada ya ile ya maandamano, Rashad alifungua kasha la karamu, akaitia diski iliyokuwamo.

Ngoma ikalia. Sauti za wanawake zikapokea wimbo. Kwenye televisheni palitokea pazia lenye maua ya kijani.

Jalila alilijua pazia hilo. Lilikuwa la chumba cha Bibi. Alijua pia kwamba mkono wa mpiga picha ungelifungua, na nyuma yake wangekuwa majirani wote wa Bibi, vichwa wazi, wakicheza.

Hakuita wala hakuomba. Aliruka, akapita kati ya waendeshaji bodaboda, akaizima swichi ya ukutani. Televisheni ikawa nyeusi. Kompyuta nayo ikazimika.

"Una wazimu?" Rashad alifoka. "Mlikuwa na kazi ya mtu humo! Sasa niianze upya! Niombe radhi, la sivyo chukua diski zako usirudi tena!"

Jalila alibaki amesimama mbele ya swichi. Alilifungua kasha jekundu. Ndani mlikuwa na diski ya karamu. Asubuhi nzima alikuwa akililinda kasha lenye diski isiyo na siri yoyote.

Angeweza kusema kwamba Rashad ndiye aliyezichanganya. Waendeshaji bodaboda wangeamini, kwani zilikuwa mikononi mwake. Kanze alimtazama. Alikuwapo Alhamisi na alijua.

"Ami," Jalila alisema, "niliyezichanganya diski ni mimi. Alhamisi nilizirudisha bila kuangalia kasha la kila moja. Kwa hilo nakuomba radhi, na kwa kazi ya mtu iliyopotea pia. Lakini kwa kuizima siombi radhi. Ikiwaka tena, nitaizima tena."

"Msikieni huyu!" Rashad alisema. Hata hivyo, sauti yake ilikuwa imeshuka.

"Sisi tumeona pazia tu," mmoja wa waendeshaji bodaboda alisema kwa upole.

Wakati huo Winfred aliingia na kamera begani. Alisimuliwa yote. Aliipeleka diski chumba cha nyuma, akaikagua peke yake, akatoka.

"Haina mkwaruzo," alisema. "Lakini Jalila, unataka zote nne ziwe DVD moja?"

"Ndivyo alivyosema Bibi."

"DVD moja haina ukumbi wa wanaume na ukumbi wa wanawake. Siku wajomba zako watakapokaa kuitazama nikaha, nani atasimama kuizima ikifika kupamba? Wewe utakuwapo kila siku?"

Winfred alimpigia simu Bi Mwanatabu. Kicheko cha Bibi kilisikika studio nzima.

"Lo! Uvivu wa kuinuka ungeniaibisha! Unganisheni tatu. Ya kupamba nakilini peke yake."

Jioni, Jalila alimweleza Bibi kila kitu, pamoja na wali ulioungua. Bi Mwanatabu alimketisha karibu naye.

"Ulikuwa mkaidi," alisema, "na sikulaumu. Mtu akipewa amana, hana budi kuwa mgumu hata wakubwa wakimcheka. Lakini tazama ulivyofanya. Uliwakatalia watu wote, na jambo la kwanza, kulifungua kasha na kutazama, hukulifanya. Mwenye kulinda amana kwanza huijua ilipo. Kisha akikosea husema kweli, kama ulivyosema wewe. Bila kweli ile, ukaidi wako ungekuwa kelele tu. Nami nimejifunza. Niliwaahidi watu, kisha nikatafuta njia rahisi."

Jumatatu, Winfred alileta DVD mbili: moja yenye nikaha, maandamano na karamu, na nyingine ya kupamba. Rashad aligeuza televisheni yake ikaelekea ndani. Kanze alipika wali mwingine, nao haukuungua. Bi Mwanatabu aliwaita majirani zake, akafunga mlango, wakaitazama ya kupamba. Jalila alikwenda studio baada ya masomo, akapanga makasha yote ya Rashad kufidia ile kazi iliyopotea. Kila kasha alilifungua kwanza.