Breki Kabla ya Mteremko

Kila asubuhi Lidia alichemsha maji, akayaacha yapoe, kisha akamsafisha mumewe kidonda. Mguu wa kulia wa Nicholaus ulikuwa umekatwa juu ya goti. Akimaliza kumfunga bandeji, alikwenda shambani. Ndivyo walivyoishi pale Mkumbi tangu ajali.

Kabla ya hapo Nicholaus alikuwa akipakia maharage kwenye baiskeli, akashuka nayo hadi Mbamba Bay. Alirudi na usipa, wale samaki wadogo wa ziwani. Breki za baiskeli yake zilikuwa zimekufa siku nyingi. Akitaka kupunguza mwendo, alikanyaga tairi kwa kandambili. Siku moja kwenye mteremko kandambili haikutosha.

Sasa maharage yalikuwa yakitobolewa na wadudu ndani ya gunia. Nauli ya gari na mzigo ingemaliza faida yote. Nyumbani walikula ugali na majani ya maboga, mchana na jioni.

"Nitaendesha mimi," Lidia alisema. "Nilipokuwa msichana niliendesha."

Nicholaus aligeukia ukutani. "Baiskeli ile imekula mguu wangu. Unataka ikule na wewe?"

Lidia alitoka nje. Aliikokota baiskeli hadi kwa jirani yao Cuthbert, muuza samaki. Cuthbert alikuwa ameendesha baiskeli kwenye barabara ile ya ziwani kwa miaka mingi.

"Shemeji, nifundishe," Lidia alimwambia.

Cuthbert aliipindua baiskeli, magurudumu juu. "Tazama raba za breki, Mama Ida. Zimekwisha, kimebaki chuma kitupu. Chuma hakishiki rimu."

Alifunga raba mpya, akakaza nyaya. "Bana breki zote mbili, kisha isukume."

Lidia alisukuma. Baiskeli ilikataa kwenda.

"Hivyo ndivyo inavyotakiwa. Ijaribu hivyo kila unapotoka. Ikisogea, usipande."

Lidia alianzia kwenye uwanja wa kanisa. Alianguka, magoti yakachubuka, na wanawake waliotoka kwaya wakamcheka. Lakini mwili ulikumbuka. Baada ya wiki chache aliweza kupita njia za vumbi akiwa na mzigo. Ndipo Cuthbert akampeleka kwenye lami.

"Huku magari yana kasi," alimwambia. "Kaa kushoto, lakini usibanane na ukingo. Pana mchanga, utateleza. Ukisikia lori nyuma yako, nyoosha usukani, usiyumbe. Na vaa kizibao hiki cha njano, dereva akuone toka mbali."

Siku ya kwenda ziwani iliwadia. Walipofika juu ya mteremko mkubwa, Cuthbert alisimama.

"Punguza mwendo kabla ya kona. Ukishaingia ndani ya kona umechelewa. Tumia breki zote mbili, taratibu. Ukibana ya mbele peke yake kwa ghafla, itakurusha. Bana, achia, bana, achia. Pakiwa pakali, shuka usukume."

Wakati huo Cleopa, kijana wa kijiji cha pili, aliwapita akiwa na magunia mawili. Mguu wake ulikuwa juu ya tairi.

"Cleopa! Breki!" Cuthbert alipiga kelele.

Cleopa aliinua mkono, akapotea kwenye kona.

Walisikia honi. Halafu kishindo.

Walipofika, lori lilikuwa limesimama katikati ya barabara. Dereva ameshika kichwa kwa mikono miwili. Cleopa alikuwa amelala mtaroni. Cuthbert alipiga magoti, akamgusa shingo, akatikisa kichwa. Lidia alivua kitenge chake cha juu, akamfunika uso.

Walikaa naye mpaka polisi walipokuja kumchukua.

"Siwezi tena," Lidia alisema.

"Basi leo tutasukuma," Cuthbert alisema. "Tutasukuma hadi chini."

Walifika Mbamba Bay jua likielekea kuzama. Kesho yake walirudi na usipa. Mlimani lori lilipita polepole, na waendesha baiskeli wawili walikuwa wamelishikilia kwa nyuma ili liwavute. Lidia aliwatazama, akashuka, akaendelea kusukuma.

Nyumbani alimweleza mumewe yote.

"Alikuwa anakanyaga tairi?" Nicholaus aliuliza.

"Ndiyo."

Nicholaus alilia. Hata hospitalini hakuwa amelia. Alipotulia alisema, "Mwambie Cuthbert aje na spana. Anionyeshe hizo raba zinavyofungwa."

Siku hizi Lidia hushuka ziwani kila wiki, na kwenye ule mteremko mkubwa husukuma. Watu wa nyumbani kwake wanakula vizuri. Wanawake wawili wa kwaya wameanza kwenda naye, wote na vizibao vya njano. Nicholaus huketi kwenye kigoda kando ya barabara, gongo lake la kutembelea ubavuni, na huwasimamisha waendao ziwani akague breki zao.

Juzi alimkamatia kijana mmoja, Baltazar, baiskeli yake.

"Baba Ida, unanichelewesha. Soko litaisha!"

Nicholaus aliitazama raba iliyochakaa, akaanza kuifungua.

"Nimekasirika, ujue," Baltazar alisema.

"Kasirika, mdogo wangu. Kasirika ukiwa mzima."