Maji ya Mke wa Kwanza

Naandika nikiwa nimemfunga mwanangu mgongoni, mbeleko nimeikaza mpaka pumzi inanibana, kwa sababu simwamini tena mtu kumshika. Hata dada yangu, aliyenilea tangu mama alipofariki na ambaye ndiye aliyenipa hiki chumba cha nyuma nilale, akinyoosha mikono na kusema, "Mlete nikupokee kidogo," namwambia hapana, yuko sawa. Ananuna. Anune.

Ilianza jioni, jua linazama, kwa jambo la kawaida kabisa. Mume wangu alinituma samaki.

Si wa kupika. Wa tanki.

Sebuleni kwetu kuna tanki la kioo refu kuliko kochi. Maji ya chumvi, mawe yenye matumbawe hai yanayofunguka asubuhi kama vidole, taa ya buluu, na pampu inayonguruma mchana na usiku mpaka ukitoka nje ya nyumba unahisi masikio yameziba. Nimelikuta. Lilikuwa la mke wake wa kwanza. Marehemu... nasema marehemu, lakini mwili haukuonekana. Aliingia baharini kuogelea, akaacha viatu na taulo mchangani, basi, imetoka hiyo. Baada ya msiba mume wangu akaenda na madumu, akachota maji palepale alipozamia, akajaza tanki. Alinieleza mwenyewe tukiwa wachumba, machozi yanamlengalenga, na mimi nikamwonea huruma. Nikasema huyu ni mwanaume anayejua kupenda. Dada yangu ndiye aliyetukutanisha, naye akasema, "Unaona? Wa namna hii hawapatikani."

Kwenye tanki lile aliishi samaki mmoja tu, mkubwa, rangi ya chungwa, mistari myeupe. Mume wangu alinunua wengine, hawakukaa. Asubuhi tunamkuta mmoja mapezi yamechanwachanwa, mwingine hatumkuti kabisa. Mimi nilikatazwa hata kutia kidole. "Atajua mkono mgeni," alikuwa akisema.

Nilipojifungua ndipo alipozidi kuwa mwema. Kila asubuhi ananipikia chai, ananiletea kitandani. Mtoto anamwogesha yeye. Majirani wananiambia wewe mwenzetu umefanya kafara gani, baba anaogesha mtoto! Nami najisikia malkia. Chai ilikuwa na kaladha ka chumvi, kwa mbali. Nikasema ni maji ya bomba. Na nikimbusu mwanangu utosini, midomo inabaki na chumvi. Nikasema ni jasho la kitoto.

Nilikuwa na jibu la kila kitu.

Basi jioni ile anakuja, anakaa pembeni yangu, anasema, "Leo kachague samaki wewe. Atakayepatana na wa mle ndani. Wewe ndiye mwenye nyumba."

Mwenye nyumba! Tangu nimeolewa sijawahi kusikia neno hilo. Nikataka kumbeba mtoto, akasema, "Mwache, kutaanza kupiga baridi. Yuko na baba yake." Nikamwacha. Kwa mara ya kwanza tangu nimzae nikatoka mikono mitupu, na njiani mikono ile sikujua niiweke wapi.

Muuza samaki ni bwana mnene, mafua hayamwishi, duka lake jembamba limepangwa matanki huku na huku. Anamjua mume wangu, kwa hiyo mimi ni shemeji yake.

"Karibu, shemeji. Leo umetumwa wewe? Kwenye tanki lenu kuna nani na nani?"

"Yule wa chungwa tu."

Akaacha kufuta kioo. "Tu? Mumeo kachukua hapa samaki wa kujaza beseni. Wamekwenda wapi?"

"Hawakai."

"Basi lile tanki lina mwenyewe," akasema, akapiga chafya, akacheka.

Nikamwonyesha wa buluu. "Huyu?"

"Huyo askari jela. Atawapiga wote, akimaliza atapiga kioo."

"Huyu wa njano mwenye madoa?"

"Mlafi. Matumbawe yenu atayatafuna kama biskuti."

"Na nikichukua mwingine wa chungwa kama yule? Mkubwa kwa mkubwa, wakae wawili?"

"Thubutu! Wakubwa hao ni majike, na jike ni mmoja tu ndani ya nyumba. Ukimletea mwenzake, kesho unaokota maiti." Akafuta pua kwa kiganja. "Na mumeo nilimwambia hivyohivyo."

"Aliuliza?"

"Si juzi tu alikuwa hapa, amesimama hapohapo ulipo. Anataka kujua, jike mwenyeji akiwepo, unamwingizaje jike mwingine. Nikamwambia ujanja upo. Unamtoa mwenyeji, unamweka mbali kidogo. Unahamisha mawe yote, kila shimo, kila kona. Unamtia mgeni, anachagua pa kulala. Ndipo unamrudisha yule wa kwanza. Akiingia hapajui. Anajiona yeye ndiye mgeni, wala hapigani."

Nikacheka. Jamani, nilicheka. "Maskini wee," nikasema.

"Ndiyo maisha ya tanki, shemeji."

Akanichagulia kadogo, zambarau mbele, njano nyuma, kapole, kanakaa kwenye shimo lake na hakamsumbui mtu. Akakafunga kwenye mfuko wa plastiki wenye maji, akanielekeza. Usimmwage tu. Maji ya kwenu siyo aliyoyazoea. Unachukua kimpira chembamba, unayavuta maji ya tanki, unayaacha yamdondokee tone... tone... taratibu. "Ukimmwaga ghafla anakufa. Ukimzoesha tone kwa tone, hata hajui kwamba amehama."

Simu ikatetema. Ujumbe wa mume wangu. *Usiharakishe. Mtoto ametulia.*

Nikatabasamu. Nikapita hata dukani nikanunua sabuni.

Nilipofika giza lilikuwa ndiyo linashika. Taa ya nje haikuwashwa. Nikasukuma mlango, ukagonga kitu, ukagoma. Mlango wa nyumba yangu! Haujawahi kugonga kitu. Harufu ikanijia usoni... mwani, chumvi, kitu kilichokaa majini muda mrefu. Na kimya. Pampu ilikuwa imezimwa. Hapo ndipo nilipogundua kwamba tangu niolewe sijawahi kusikia kimya cha nyumba ile.

Sijui kwa nini nilifanya nilichofanya. Nilisimama pale nje, na mfuko wangu wa samaki mkononi, nikabisha kwangu mwenyewe.

"Hodi?"

"Karibu."

Sauti ya mwanamke.

Nikajipenyeza. Kochi lilikuwa nyuma ya mlango. Meza ya chakula imepelekwa dirishani, kabati limegeuzwa, pazia la chumbani limetundikwa sebuleni. Vitu ni vyangu vyote, navijua mpaka mikwaruzo, lakini nilijigonga goti, nikajigonga nyonga, kila ninapokanyaga siyo. Ndala zangu za chumbani zilipangwa mlangoni kwenye zulia, pale zinapowekwa ndala za wageni. Nguo zangu zimekunjwa vizuri juu ya kiti. Zimekunjwa kwa adabu kabisa.

Tanki lilikuwa nusu. Mawe yote yamehamishwa. Samaki wa chungwa hayumo.

Na kuanzia tanki mpaka mlango wa chumba chetu, sakafuni, nyayo. Mbichi. Ndogo kuliko za mume wangu. Zinakwenda tu. Hazirudi.

Mume wangu alikuwa ameketi gizani, mikono magotini.

"Usipige kelele," akanong'ona. "Anazoea."

"Mtoto yuko wapi?"

"Kwa mama yake."

"Mama yake ni nani?" Nikamtikisa bega. "Mama yake ni nani, baba wewe?"

Akaniangalia kama mtu anavyomwangalia mtoto anayelilia kisu. "Mtazoeana. Si nimekuzoesha taratibu? Chai yote ile... Wewe ni mpole, ndiyo maana nilikuchagua wewe. Nilitafuta atakayepatana naye."

Jamani.

Nilitafuta atakayepatana naye.

Nilidhani nilipendwa. Nilidhani zile chai ni mapenzi, yale maji ya kuogeshea ni mapenzi, machozi yale ya uchumba ni moyo mwema. Kumbe nilipita mbele ya kioo kama wale wa dukani, nikaangaliwa rangi, nikaangaliwa ukali, nikaonekana nafaa.

Kutoka chumbani ukaja wimbo. Ule wa kumlaza mwanangu, nilioutunga mwenyewe, hauna hata maneno ya maana, ni jina lake na upuuzi upuuzi. Hakuna mtu mwingine anayeujua. Lakini ulikuwa unaimbwa, taratibu, na katikati ya mistari kitu kinadondoka... to... to... to...

Niliingia.

Beseni la mtoto lilikuwa juu ya kitanda, upande wangu. Kimpira chembamba kimetoka tankini, kimepita sakafuni, kimepanda godoro, kinamdondoshea maji utosini. Mwanangu amekaa ndani, amechanwa nywele zikalala vizuri, anacheka. Anacheka kwa kuinua uso, anavyoniinulia mimi nikimwinamia. Pembeni yake hapakuwa na mtu. Shuka lilikuwa limelowa, umbo la mtu aliyelalia ubavu, bega, kiuno, goti. Godoro limebonyea. Na nilipokuwa natazama, pale kwenye mto, mbonyeo ulijaa polepole, kama mtu ameinua kichwa kuona nani kaingia.

Wimbo ukakatika.

Mfuko ukaniponyoka. Nikamnyakua mwanangu mzimamzima, anateleza kama samaki, nikamkumbatia na maji yake, nikageuka. Naye akalia. Akalia kilio cha kuachishwa, akapinda mgongo, akanyoosha mikono miwili.

Si kwangu. Kitandani.

Hilo ndilo linaloniua. Mume naweza kumwita shetani nikamaliza. Lakini mwanangu alinilia mimi kama mgeni.

Nilikimbia bila viatu. Mume wangu hakuinuka hata kidogo. Nikagonga meza, nikagonga kabati, nikajibana kwenye kochi, na nilipokuwa natoka mlangoni ile sauti ilisema nyuma yangu, kwa upole, kama mama mwenye nyumba anayesindikiza mgeni:

"Karibu tena."

Dada yangu alinipokea. Hakuniuliza mengi. Nilipomsimulia alinisikiliza huku anachambua mchele, kisha akasema, "Mdogo wangu, ukitoka uzazi akili huchoka. Mwanaume anakupikia chai, unamkimbia?" Nikamwambia kuhusu nyayo, akasema bomba lilipasuka. Nikamwambia kuhusu sauti, akasema redio. Nikamwambia kuhusu kochi nyuma ya mlango, akaendelea na mchele wake.

Nilimpigia yule muuza samaki. Nilitaka tu mtu aniambie kwamba kweli mume wangu aliuliza lile swali. Akasema aliuliza. Akasema pia kwamba mume wangu alirudi tena dukani, amekonda, anataka kujua jike akitoroka na kitoto kikiwa kimeshazoea maji, inakuwaje. "Nikamwambia, shemeji... samahani, nilidhani anazungumzia samaki. Nikamwambia kitoto hakiwezi tena maji ya zamani. Ama kirudishwe, ama kipelekewe maji hukohuko kiliko."

Mwanangu hanyonyi vizuri. Anashika titi, anaonja, ananitazama, anageuza uso. Jana nilikuwa nalia huku namnyonyesha, machozi yakadondokea kifuani. Akanyonya mpaka akashiba.

Leo jioni nilitoka kuanua nepi. Niliporudi humu chumbani nikajigonga goti. Kitanda kimesogezwa dirishani, kabati liko kilipokuwa kitanda.

"Dada, nani kahamisha vitu?"

"Mimi," akajibu kutoka jikoni. "Joto lilikuwa limezidi humo. Nimekupangia upate hewa."

"Mume wangu alikuja hapa?"

Nikasikia kijiko kinakoroga. Kisha, "Shemeji anakupenda, mdogo wangu. Amelia mpaka nikamwonea huruma. Kaleta na dumu la maji, anasema anajua bomba letu linasumbua." Akaingia na kikombe, akakiweka mezani, hapa ninapoandikia, bila kunitazama usoni. "Haya, mgeni wangu. Karibu chai."

Mlango nimeufunga kwa ndani tangu alipotoka. Nimeandika haya yote haraka haraka ili kichwa kisinipasuke, mkono mmoja una kalamu, mwingine umeshika kikombe kwa sababu ya baridi, na nilikuwa nanywa huku naandika, kidogo kidogo, bila kufikiri, kama mtu anavyokunywa chai.

Mgongoni mwanangu ameanza kucheka.

Sasa hivi ndiyo nimelamba midomo.

Kikombe kimebaki nusu.